Wakwe wa Mlima Tua

Jumamosi, 2 Agosti

Mguu chini tena. Kona ya pili, palepale pa siku zote. Baiskeli imelala kwenye nyasi, mimi nimesimama katikati ya barabara nikitafuta pumzi, na nyuma yangu pikapu ya maji imesimama, Sakinabai, mwamuzi wetu, yumo ndani anaandika. Haandiki mengi. Anaandika "Shafii, mguu" na tarehe. Nimeliona daftari lake. Nimejaza kurasa mbili peke yangu.

Niweke mambo sawa, maana shajara hii naianza leo na nataka iwe ushahidi. Klabu yetu ya baiskeli ina watu kumi na wanane. Mwezi wa tisa tunakwenda Lindi, mwendo wa siku nzima, na timu ni ya watu sita tu. Sharti ni moja: uupande Mlima Tua, njia ya Mpapura, kuanzia darajani hadi jiwe jeupe la juu, bila mguu kugusa ardhi. Mara moja tu inatosha. Watano wameshafanya. Nafasi moja imebaki. Mwisho ni Jumamosi ya tarehe 23.

Wanasema zamani waliobeba mihogo kichwani walitua mizigo hapo darajani, wakapumzika, ndipo wakapanda. Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la korosho, miaka arobaini na nne, na mzigo wangu hauna pa kutuliwa. Umo tumboni.

Mwaka jana niliingia Lindi nimekaa nyuma ya pikapu, kati ya madumu ya maji. Watu wa kando ya barabara walinipungia mkono kwa huruma, wakidhani ni mgonjwa. Mke wangu Tatu alikuwa amewaleta dada zake kunipokea. Waliniona nikishuka na dumu kila mkono. Tatu hakucheka. Afadhali angecheka.

Mwaka huu naingia Lindi juu ya magurudumu mawili. Nimeapa.

Jambo moja la kunifariji. Paulo naye aliweka mguu chini leo. Huyu ni mchuuzi wa samaki, anawatoa Mnazi Bay kwa tenga nyuma ya baiskeli ya chuma isiyo na gia hata moja, na amejiunga nasi juzijuzi tu. Alikuwa akipanda vizuri, inaniuma kuandika. Kisha bibi mmoja akatokea shambani na furushi la mihogo. Paulo akashuka, akavua kofia, akamwamkia, akauliza habari za mgongo wake. Halafu akambebea furushi hadi nyumbani. Sakinabai akaandika "Paulo, mguu." Nimerudi nyumbani Likombe nikipiga mluzi.

Jumapili, 3 Agosti

Kikao cha klabu, nyuma ya duka la vipuri la Sakinabai, Mikindani. Nahodha wetu ni Farida, muuguzi, mwanamke wa maneno machache na mapaja yasiyochoka. Akasema suala la Paulo limemkosesha raha. Akauliza sisi ni waendesha baiskeli au ni watu tuliokosa malezi. Mzee wa watu utampitaje kama nguzo ya umeme?

Nikasimama. Nikasema sheria ni sheria na mguu ni mguu. Nilizungumza dakika kumi na mbili. Nikataja nidhamu. Nikataja na mataifa yaliyoendelea. Sauti yangu ilikuwa nzuri sana leo, hata mimi niliisikia.

Kura: kumi na sita kwa moja. Paulo hakupiga, alisema haipendezi mtu kujipigia.

Basi sheria mpya ni hii: ukishuka kumwamkia mzee au mkwe, mguu hauhesabiwi. Unasalimia, unapandia palepale uliposhukia, unaendelea. Sakinabai ameiandika kwa kalamu nyekundu. Akaongeza kwamba ipi ni salamu na ipi ni uvivu ataamua yeye. Paulo akaulizwa kama anadai nafasi kwa mpando wa jana. Akasema hapana, hakufika jiweni, aliishia kwa yule bibi akinywa uji.

Nimeshindwa.

Jumatatu, 4 Agosti

Mimi ni mjinga wa kiwango cha juu! Mwezi huu ghalani hakuna korosho, tunafagia na kukagua mizani tu, kwa hiyo kichwa kina nafasi. Nilikuwa nimeshika ufagio wakati wazo liliponijia.

Mzee au mkwe. Mkwe!

Mimi nimeoa wapi? Nimeoa Mlima Tua. Mama yake Tatu, Bi Somoe, nyumba yake iko hatua arobaini kutoka kona ya pili. Miaka kumi na sita nimeoa pale. Kila Jumamosi nimekuwa nikiisukuma baiskeli pale kichwa chini, nikiomba asitoke nje akaniona. Sasa nataka atoke. Nataka atoke akae.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Bi Somoe na sukari, majani ya chai na mche wa sabuni. Kwao mama mkwe huamkiwa ukiwa umechuchumaa, yeye upande wake wa uwanja na wewe upande wako, kila mmoja akitazama mikorosho. Ukimkodolea macho ni utovu wa adabu. Nikachuchumaa. Nikaamkia.

Jambo la kwanza aliuliza ni nani amekufa.

Nikasema hakuna aliyekufa. Akauliza basi nani mgonjwa. Nikasema wote wazima, nimekuja tu, nimemkumbuka. Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Akasema tangu amuoze Tatu nimekuwa mtu wa Idd hadi Idd, na yeye alishajiambia kwamba ndivyo wanaume wa mjini walivyo.

Kuna kitu kilinichoma hapo. Nikakituliza. Nikauliza kama Jumamosi saa mbili asubuhi angeweza kukaa pale konani, pengine auze mihogo ya kuchemsha, ili nikipita na wenzangu nipate kumwamkia mbele ya watu. Akasema mbele ya watu? Nikasema mbele ya watu wote. Akasema atakaa, na atavaa khanga mpya.

Mpango umekamilika. Nitapumzika konani kwa heshima zote.

Jumamosi, 9 Agosti

Kona ya kwanza salama. Kona ya pili pumzi imekwisha, macho yameingia jasho, na pale juu ya jiwe, khanga mpya ya bluu. Sijawahi kufurahi kumwona mkwe namna hii.

Nikashuka. Nikachuchumaa ng'ambo ya barabara. Shikamoo mama. Marahaba mkwe wangu. Habari za nyumbani, za watoto, za ghalani, za kuku wa Tatu. Nikauliza za mikorosho. Akasema wanapuliza dawa ya salfa wiki hii na upepo unairudisha yote kwa mpulizaji. Nikauliza za jirani anayepuliza, na za watoto wa jirani. Dakika kumi na nne. Nilikula mihogo vipande vitatu. Wenzangu wakapita mmoja mmoja, na Sakinabai kaegemea mlango wa pikapu akitazama saa.

Nikaaga. Nikashika usukani. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo hakuna aliyeniambia.

Kuanza kupanda ukiwa katikati ya mlima mkali ni kugumu kuliko kupanda mlima wenyewe. Unakanyaga pedeli, baiskeli haina mwendo, inainua gurudumu la mbele na kukutupa ubavuni. Nilitupwa ubavuni mbele ya mama mkwe. Akapiga kelele ya huruma. Sakinabai akaandika.

Nikamwambia ngoja, sijamaliza salamu. Akajibu kwa upole kwamba mkwe mmoja salamu moja.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetafakari. Wazo halina kosa. Kosa ni mahali. Konani pamesimama mno. Ila nilipokwenda kwa miguu leo nikakuta sehemu tatu ambapo barabara inapumua kidogo kabla ya kupanda tena. Nikiwa na mkwe mmoja kila sehemu, nashuka tambarare, napandia tambarare, nafika juu na nguvu zangu zote.

Nikapita kwa Bi Somoe. Nikasema nimeona haya, miaka kumi na sita na wakwe zangu wengine siwajui hata kwa sura. Ningependa kuwaona Jumamosi. Mjomba wake Tatu, shangazi yake, na bibi mmoja wa ukoo wao, wa nyumba ya bati. Nikamwonyesha mahali pa kila mmoja.

Akasema nisihangaike, hili aliachie yeye. Nilimwambia watatu. Nakumbuka vizuri, nilionyesha na vidole.

Jumatano, 13 Agosti

Tatu amepika wali wa nazi katikati ya wiki. Mama yake amempigia kwa simu ya jirani na kusema mtaa mzima unamzungumzia mkwe. Tatu akaweka mkono begani kwangu akauacha hapo. Nikatoka jasho kuliko la mlimani.

Jioni amekuja Paulo na changu wawili, zawadi. Ameona nilivyoanguka. Akaniomba nitoe baiskeli, akanionyesha palepale uani jinsi ya kuanzia mlimani: pedeli moja juu, usielekee juu ya mlima, kata barabara kwa ubavu hadi upate mwendo, ndipo uinue usukani. Yeye na tenga lake huanza hivyo mara ishirini kwa siku, kila anapoitwa na mteja.

Nilimsikiliza kwa makini, kama mpelelezi. Mtu anayempa mpinzani wake siri hizi ana lake jambo. Samaki walikuwa wazuri.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nimelala kifudifudi.

Walikuwa ishirini na watatu.

Kuanzia darajani! Mjomba mkubwa, mjomba mdogo, mashangazi, mabinamu waliozeeka, mzee mmoja kaletwa kwenye kiti, wamejipanga kando ya barabara wakiwa na nguo za sikukuu. Bi Somoe anatembea huku na huko akiwaweka sawa. Habari imesambaa kwamba mkwe wa Likombe anataka kuamkia ukoo.

Ningefanya nini? Ukishamwamkia mjomba huwezi kumruka shangazi. Nikashuka. Nikachuchumaa. Nikainuka. Nikapanda kwa ile njia ya Paulo, ikafanya kazi, nikaenda hatua kumi na mbili. Nikashuka. Nikachuchumaa. Kufikia mkwe wa nane mapaja yalikuwa yakitetemeka. Wa kumi na moja nilimwamkia nimeshika ardhi kwa mkono.

Na wakanipa vitu. Kitu cha mkwe hakikataliwi. Boga moja, kisha la pili. Fungu la mihogo likafungwa nyuma. Kuku wawili, mmoja kila upande wa usukani, vichwa chini, wananitazama. Mpanda mlima gani anaongezewa mzigo kila hatua kumi na mbili?

Kwa mkwe wa kumi na nne nilikata barabara kwa ubavu, kamba ya boga ikakatika, baiskeli ikalalia upande wa boga, na kuku wakafunguka. Sakinabai ameandika "Shafii, mguu, kuku wawili."

Paulo alikuwa nyuma yangu. Alikuwa ameshashuka kwa wazee watatu na kupanda tena bila taabu, na mlima ulikuwa haujamchosha hata kidogo. Angemaliza. Akaacha baiskeli akaingia mikoroshoni kunikamatia kuku. Farida akamuuliza Sakinabai kama hilo ni adabu. Sakinabai akafikiri sana, akasema kukimbiza kuku si salamu. Akaandika "Paulo, mguu."

Kwa hiyo nafasi bado ipo. Nilimshukuru Paulo. Nilifurahi pia, ila hilo sikumwambia.

Jumapili, 17 Agosti

Kikao. Farida amesema zoezi la jana lilichukua saa tatu na nusu kwa mlima wa kilomita mbili, na wanachama wawili walialikwa chai wakapotea kabisa.

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nimelala ninaumwa mapaja na nimewaza. Salamu haziniinui, zinaniangusha. Nani zinamfaa? Paulo. Yeye anajuana na kila mzee kuanzia Mnazi Bay hadi Mpapura, na kushuka na kupanda ndiyo kazi yake. Ukiifuta sheria, mimi sipungukiwi kitu. Lakini Paulo moyo wake utamshusha tu. Hawezi kumpita mtu mzima. Na akishuka, mguu.

Nikasimama nikapendekeza salamu zitolewe mtu akiwa juu ya baiskeli. Unaita shikamoo, unainamisha kichwa, unaendelea. Anayeshuka ameshuka. Nikasema sheria ya zamani imetuletea aibu ya maboga. Wote wakakubali. Kumi na saba, na Paulo hakupiga. Kura yangu ya kwanza kushinda tangu klabu ianzishwe!

Sakinabai akavua miwani akaniuliza mara mbili: hata mkwe? Nikasema kwa sauti, hata mkwe. Hata mama mkwe? Hata mama mkwe. Akaiandika kwa kalamu nyekundu akanipa niweke sahihi. Niliweka na mstari chini yake.

Sasa imebaki kupanda kweli. Siku sita. Nitapanda.

Jumanne, 19 Agosti

Nilikwenda kumwambia Bi Somoe kwamba Jumamosi hii asihangaike kutoka. Nikachuchumaa, nikatazama mikorosho kama inavyotakiwa. Nikaamkia. Nikageuka kidogo. Alikuwa hatazami mikorosho. Alikuwa ananitazama mimi, usoni.

Sakinabai alipita jana kununua mihogo. Kwa nia njema kabisa amemsifia kwa kumsaidia mkwe wake kwenye mashindano, akamweleza na sheria yote, na namna ilivyokuwa inafanya kazi.

Bi Somoe hakupaza sauti. Amesema siku ile ya kwanza aliuliza nani amekufa, na heri angeendelea kuuliza. Amesema aliwaambia ukoo mzima. Mzee wa kwenye kiti hajatoka nje tangu mwaka jana, lakini alitolewa kwa ajili yangu, akavalishwa kanzu. Halafu akasema Jumamosi hatakaa konani. Atakuwa juu, karibu na jiwe jeupe, yeye na wenziwe, na anataka kuniona nikifika juu ya hiyo baiskeli niliyoioa. Nikishuka njiani kwa uvivu, hata Idd nisimfuate.

Sukari hakuipokea. Nimerudi nayo Likombe, imefungwa kwenye usukani, na njia nzima nilikuwa na aibu. Naiandika kama ilivyo. Aibu. Kama ningekuwa na njia ya kurudisha siku ile ya khanga mpya ningeirudisha, na safari ya Lindi wangeichukua.

Hapana. Lindi bado naitaka. Navitaka vyote viwili.

Alhamisi, 21 Agosti

Siku tatu napanda kilima cha nyuma ya Mikindani kabla ya kazi. Mara nne kila asubuhi. Leo sikushuka hata mara moja, ingawa mbwa alinipita akitembea.

Nimefungua kengele, kibebeo, pampu na vizuia matope. Baiskeli imebaki mifupa. Nimeacha chai ya maziwa. Tatu anajua yote kutoka kwa mama yake na haongei nami, ananiwekea chakula na kuondoka. Leo usiku wakati anatoa sahani kasema neno moja. Kasema panda.

Nitapanda, Tatu. Nitapanda hadi jiwe lile linijue.

Jumamosi, 23 Agosti

Niandike taratibu, kwa mpangilio.

Tulianza saa mbili. Sakinabai nyuma na penseli. Paulo akaja ubavuni kwangu na lile lichuma lake. Nikangoja mzee wa kwanza atokee. Akatokea, mwanamume na bomba la salfa mgongoni, uso wote njano. Paulo akainamisha kichwa hadi kwenye usukani na kuita shikamoo ambayo nadhani ilisikika darajani. Mzee akaitika marahaba kwa furaha. Paulo hakushuka. Mpango wangu ulikufa pale, kwenye kona ya kwanza, na mlima wote ulikuwa mbele.

Basi nikakanyaga. Paulo akaanza kunisemesha polepole. Usitazame mlima, tazama gurudumu. Toa pumzi, itaingia yenyewe. Nilitaka kumwambia anyamaze lakini sikuwa na pumzi ya kutoa matusi. Nikatazama gurudumu.

Kona ya pili. Jiwe la Bi Somoe tupu. Hakuna khanga, hakuna mihogo, hakuna wa kuniuliza habari za kuku. Kanyaga. Kanyaga. Nikainua macho, na kona ya pili ilikuwa nyuma yangu! Tangu nizaliwe sijawahi kuliona tako la kona ile nikiwa juu ya baiskeli. Machozi yalinitoka, na sitaandika kwamba ni jasho.

Sehemu ya tatu sikumbuki vizuri. Nakumbuka sauti ya Paulo, cheni, moyo. Nakumbuka nilimwona Tatu. Alikuwa juu pamoja na ndugu zake, mikono kifuani. Hakuniambia kwamba atakuja. Nikaona jiwe jeupe. Hatua thelathini. Ishirini. Farida anapiga makofi. Hakuna cha kunizuia. Nilikuwa naingia Lindi, nilikuwa naona kabisa barabara ya Lindi.

Na Bi Somoe alikuwa amesimama hatua nane chini ya jiwe. Khanga ya bluu. Amegeuza uso kutazama mikorosho, kama inavyotakiwa.

Sijui nielezeje. Miguu yangu imefundishwa wiki tatu. Ilishuka yenyewe. Baiskeli ikaenda upande wake, nami nikajikuta nimechuchumaa ng'ambo ya barabara, kichwa chini, nasema shikamoo mama.

Farida akaacha kupiga makofi. Nikasikia penseli ya Sakinabai, na kabla ya penseli nikasikia akiguna kwa masikitiko. Alikuja na daftari akanionyesha ukurasa wa sheria. Ilikuwa sahihi yangu, na mstari chini yake.

Paulo alikwenda hadi jiweni akaligusa kwa gurudumu. Mtu wa sita. Halafu akarudi kwa miguu akamwambia Farida kwamba nafasi hii anipe mimi. Farida akasema nafasi si samaki, haigawiwi.

Mimi bado nimechuchumaa. Bi Somoe akaitika, marahaba mkwe wangu. Kisha akawageukia ndugu zake, akasema kwa sauti wameona wenyewe. Jiwe liko pale, mtu ameshafika, na kashuka kwa ajili ya mama mkwe wake. Akamuuliza shangazi kama wakwe zake yeye wangeshuka. Shangazi akatazama pembeni. Mzee wa kwenye kiti akasema na yeye ameona.

Farida ameniuliza baadaye kama nilishuka kwa adabu au kwa mazoea. Nimesema kwa adabu. Humu ndani sijui. Ninachojua ni kwamba aliposema "mkwe wangu" sikuzitazama tena zile hatua nane.

Nilishindwa kuinuka. Wajomba wawili wameninyanyua. Bi Somoe akauliza sukari iko wapi.

Jumapili, 24 Agosti

Wali wa nazi tena. Tatu amemsimulia jirani wa kulia na wa kushoto, na kila anaposimulia jiwe linasogea karibu. Sasa hivi lilikuwa hatua mbili. Bi Somoe anataka niwe nakwenda kila Jumamosi, bila baiskeli. Nimekubali. Nina furaha. Naandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma.

Farida amenipanga mchezaji wa akiba. Nitakwenda Lindi nyuma ya pikapu, kati ya madumu, na ikitokea mmoja wa wale sita ameishia njiani, mimi nachukua baiskeli na kumalizia. Hata kama zimebaki kilomita tano, naingia mjini juu ya magurudumu mawili. Mapaja yapo tayari. Kona ya pili inanijua.

Paulo amekuja na changu watatu. Anataka tufanye mazoezi pamoja kila asubuhi hadi safari, anasema nimebakiza kidogo sana. Ni mtu mwema, sina la kusema. Huwa hawezi kukataa chakula cha mtu mzima. Akikaribishwa kwa heshima anakaa, anakula, anauliza habari za mgongo, saa mbili zimekwisha.

Nimekumbuka kwamba bibi mkubwa wa upande wa Tatu anakaa njia panda ya Sudi, barabara ile ile ya Lindi, nyumba inaangalia lami. Mpishi hodari. Sijamtembelea tangu harusi. Sukari nyingine ipo kabatini.

Nimemwambia Tatu kwamba Jumanne nakwenda kumsalimia bibi yake wa Sudi. Akauliza nani amekufa. Nikasema hakuna, nimemkumbuka tu. Akajifuta uso kwa ncha ya khanga.